Bima ya Afya ni Kofia Inayopitishwa Kabla ya Maradhi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, kila mwaka alizeti na vitunguu vinapouzwa, nyumba nyingi za Nduguti na vijiji vingine vya Wilaya ya Mkalama hushika fedha ambazo hazitaonekana tena mpaka mavuno mengine. Fedha hizo hugawiwa mafungu: ada za watoto, mabati, mbegu, mahari ya kijana. Fungu la maradhi aghalabu halimo. Maradhi nayo hayangoji msimu. Yakibisha hodi mwezi wa Februari, ghala likiwa limekwisha, mwenye nyumba huuza ng'ombe kwa bei ya kutupa au hukodisha shamba ambalo ndilo lingewalisha watoto mwaka unaofuata. Mgonjwa anaweza kupona, lakini nyumba ikabaki na umaskini.

Hapo ndipo hupitishwa kofia msikitini baada ya swala. Ni jambo jema lenye ujira mbele ya Allah, lakini mara nyingi huchelewa. Hupitishwa mgonjwa akiwa amekwishalala kitandani, na kinachopatikana hutegemea nani amehudhuria siku hiyo na ana nini mfukoni. Bima ya afya, katika asili yake, ni kofia hiyo hiyo, ila hupitishwa mapema, wakati wote tungali wazima.

Jambo hili si geni kwetu. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio mwaka 1996 katika Wilaya ya Igunga, ng'ambo tu ya mbuga ya Wembere, kisha ukawekewa sheria mwaka 2001. Kadi ya zamani haikumfikisha mwanachama mbali na zahanati na vituo vya wilaya yake. Mwaka 2018 ulikuja mfuko ulioboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia Sh 30,000 kwa mwaka, na kwa kufuata ngazi za rufaa ikatibiwa mpaka hospitali ya mkoa. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo shabaha yake ni kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Kwa hiyo suala hili litamfikia kila mmoja wetu, na ni bora litukute tukiwa na elimu.

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba kukata bima ni kupungukiwa na tawakuli, au ni kujitabiria ugonjwa. Tunawakumbusha habari iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Allah. Aliagizwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mkulima anayehifadhi mbegu hajatabiri njaa, naye anayejiandikisha hajaita maradhi.

Wengine huuliza: je, bima si kamari? Swali hili ni la haki, na wanazuoni wamelijibu kwa kupambanua. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, lilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari iliyomo, na likaelekeza kwenye bima ya ushirika, ambayo msingi wake ni kuchangiana kwa hiari na kusaidiana. Lilipokutana Dubai mwaka 2005 lilifuata njia hiyo hiyo katika bima ya afya. Kabla ya hapo, mkutano wa wanazuoni wa Al-Azhar uliofanyika Cairo mwaka 1965 ulikuwa umeruhusu vyama vya kusaidiana pamoja na bima ya jamii inayosimamiwa na serikali. Mfuko wa umma usio na wanahisa wa kugawana faida uko karibu zaidi na upande huo kuliko ule wa biashara. Pale ambapo fedha za mfuko zinawekezwa kwa riba, Waislamu wana haki ya kuwataka wasimamizi watafute njia ya halali, nao watasikilizwa zaidi wakiwa wanachama kuliko wakiwa watazamaji.

Mfano ulio bora zaidi tunaupata kwa kabila la Ash'ari, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Chakula kilipowapungukia, walikusanya vyote walivyokuwa navyo katika nguo moja, wakagawana sawasawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kwa hilo. Aliyetoa kingi hakulalamika kwamba kimepotea. Vivyo hivyo, anayemaliza mwaka bila kuugua asiseme fedha zake zimeliwa. Zimemtibu jirani yake, na afya aliyojaaliwa ni neema ya kushukuriwa.

Hata hivyo, kujiandikisha kunataka umakini. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo manne. Kwanza, kadi inawahusu akina nani? Hapa wenye wake zaidi ya mmoja wazingatie sana: ikiwa kaya inahesabiwa kwa watu sita, nyumba ya mke wa pili nayo inahitaji kadi yake. Uadilifu baina ya wake hauishii kwenye chakula na mavazi, na si haki watoto wa nyumba moja watibiwe kwa kadi huku wa nyumba ya pili wakisubiri kofia. Pili, kadi inafika wapi? Je, mgonjwa akipewa rufaa kwenda Iambi, Singida mjini au Haydom, itapokewa, na kwa barua gani? Tatu, inaanza kufanya kazi siku gani, na inakwisha lini? Nne, ni dawa na vipimo gani havimo? Malipo yafanyike kwa namba rasmi ya malipo, na risiti itunzwe.

Tunajua pia malalamiko ya waliolipa, kisha wakaambiwa dawa hakuna, wakanunue dukani. Malalamiko hayo ni ya kweli katika sehemu nyingi, na ndiyo yaliyowafanya wengi wasirejee mwaka wa pili. Anayepokea mchango wa watu amepokea amana. Zahanati ina kamati yake yenye wajumbe wa wananchi. Huko ndiko pa kuulizia fedha zimeingia kiasi gani na dawa zimenunuliwa zipi. Kukaa pembeni hakuleti dawa.

Rai yetu kwa maimamu na kamati za misikiti ya Nduguti ni hii. Msimu wa mavuno uwe ndio msimu wa kujiandikisha, kwa kuwa ndipo fedha zipo. Mwandikishaji aalikwe Ijumaa moja baada ya swala, aeleze na aulizwe hadharani, na akina mama wawepo, kwani wao ndio wanaompeleka mtoto zahanati. Mafukara waorodheshwe na walipiwe kutokana na sadaka. Ikiwa ni zaka, basi kwa kuwa madhehebu ya Shafi yanataka maskini amilikishwe, akabidhiwe mwenyewe na ashauriwe, asilipiwe bila ridhaa yake.

Katika aya ya pili ya Surat al-Maida tumeamrishwa kusaidiana katika mema. Mwaka huu alizeti ikishauzwa, kila mwenye nyumba alitenge fungu la maradhi kabla ya fungu la mabati.

Wabillahi tawfiq.