Akaunti ya bure: makato yamehamia wapi?

Mkulima wa Lukozi anayeuza karoti na kabichi kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam anaweza kulipwa kwa simu. Pesa ikiingia hakatwi kitu. Makato yanaanza akienda kwa wakala kuitoa.

Akaunti za benki zinazotangazwa kuwa hazina ada ya mwezi ni hivyo hivyo: kuweka ni bure, kutoa kunalipiwa.

Serikali nayo ilipita njia hiyo. Julai 15, 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Wananchi walilalamika, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 tozo ikafika benki. Malalamiko yakarudi, na Septemba 20 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akatangaza bungeni kuifuta kwenye kuhamisha pesa kati ya benki na simu.

Tozo hujadiliwa bungeni. Ada za benki na kampuni za simu ni sisi wenyewe wa kuzihesabu. Kutoa 100,000 mara moja hugharimu kidogo kuliko kutoa 20,000 mara tano. Na ukikopa kwa huduma kama Songesha ili kukamilisha malipo, pesa ya mazao ikiingia deni hukatwa kwanza, pamoja na ada yake.

Kabla ya kufungua akaunti ya bure, tuulize: nikitoa, nakatwa ngapi?