AJALI HAINA KINGA? HUO NI UWONGO



Kila mara daraja linapoanguka, au vyuma vya ukingo vinapong'oka na mtu akatupwa chini, hatukosi kumsikia mkubwa fulani akisema, "Ajali haina kinga." Maneno haya husemwa kwa upole, kofia mkononi, mbele ya jeneza. Sisi twayakataa. Njia ya juu inayo kinga yake. Kinga hiyo ni ukingo ulio imara, pamoja na mkaguzi mwenye amri ya kuifunga njia. Pasipo na viwili hivyo, hiyo si ajali. Ni uzembe wa mtu mwenye cheo na mshahara.

Jambo hili ni letu kwa sababu wenye magari hupita chini na wafanya kazi hupita juu. Anayevuka daraja la miguu alfajiri, chakula chake mkono mmoja na mkono wa pili umeshika chuma cha ukingo, ni mmoja wetu. Na anayetumwa kukipaka chuma hicho rangi pia ni mmoja wetu.

Tutatoa mfano wa India, jimbo la Gujarat, ambako wazee wa Wahindi wengi wa Kenya walitoka. Habari zake zilichunguzwa na kufika kortini, kwa hivyo hakuna atakayesema ni maneno ya sokoni.

Katika mji wa Morbi, mji wa viwanda vya vigae na saa za ukutani, palikuwa na daraja la miguu lililoning'inia kwa kamba za chuma juu ya mto Machchhu. Lilifunguliwa mwaka 1879, zamani za mtawala Waghji Thakor, likawa fahari ya mji. Mwezi wa Machi 2022 manispaa ililikabidhi kwa kampuni moja ya kutengeneza saa, ilitunze kwa miaka 15 na kukusanya pesa za tikiti. Daraja likafungwa kwa matengenezo. Tarehe 26 Oktoba 2022, wakati wa sikukuu, likafunguliwa tena. Siku nne baadaye, jioni ya Jumapili tarehe 30, kamba kubwa ya upande mmoja ilikatika. Watu kama 300 walikuwa juu. Waliokufa ni 135, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Wengine waliokoka kwa kung'ang'ania nyavu za ukingo mpaka walipofikiwa.

Wachunguzi walikuta nini? Kamba ile iliyokatika ilikuwa na nyaya 49. Katika hizo, 22 zilikuwa zimekwisha kuliwa na kutu kabla ya siku ile. Mbao za sakafu ziliondolewa, zikawekwa bamba za alumini. Vyuma vipya vya kuning'inizia vilichomelewa juu ya vile vya zamani. Lakini kamba zenyewe, ambazo ndizo zilizobeba roho za watu, hazikubadilishwa. Hakuna aliyelipima daraja kwa uzito kabla ya kulifungua, na mkuu wa manispaa alisema hakutoa cheti cha kuruhusu watu kupita. Hata hivyo tikiti 3,165 ziliuzwa siku ile.

Ndugu, sikilizeni sasa. Watu wa kwanza kukamatwa walikuwa 9: mameneja 2, makontrakta wa matengenezo 2, makarani wa tikiti 2, na askari wa lango 3. Zaidi ya nusu ni watu wa mshahara mdogo. Mkurugenzi wa kampuni alijisalimisha mwisho wa Januari 2023, miezi mitatu baadaye. Baraza la manispaa halikuvunjwa na serikali ya jimbo mpaka Aprili 2023. Na meneja mmoja aliiambia korti kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu. Hiyo ni "ajali haina kinga" kwa lugha nyingine. Mungu hakutia sahihi mkataba wa miaka 15.

Hatusemi karani hana neno la kujibu akiruhusu watu kupita kiasi. Lakini karani alipewa kitabu cha tikiti tu. Hakupewa hesabu ya uzito, wala ufunguo wa kufunga lango kwa amri yake mwenyewe. Kumfunga yeye kwanza ni kumpiga punda kwa sababu mzigo umefungwa vibaya.

Pengine mtu atasema, "Basi dawa ni kukagua, na sisi hukagua." Tumjibu kwa habari ya Mumbai, India hiyo hiyo. Jioni ya tarehe 14 Machi 2019 sakafu ya daraja la miguu karibu na stesheni kubwa ya reli ya mji ule ilianguka barabarani. Watu 6 walikufa. Watatu kati yao walikuwa wanawake wa hospitali, wakienda zamu ya usiku. Daraja lile lilikuwa limekaguliwa mwaka uliotangulia, likaandikwa kuwa linafaa, lahitaji marekebisho madogo tu. Karatasi ilikuwako, na sahihi ilikuwako. Kilichokosekana ni kazi yenyewe.

Mafundi wetu wanajua kutu hukaa wapi. Haikai katikati ya nguzo, mahali ambapo mkubwa hugonga kwa fimbo na kusema, "Nzuri." Hukaa chini, pale nguzo ya ukingo inapoingia katika jiwe au sementi, kwa maana ndipo maji ya mvua yanapotuama. Bomba huliwa kwa ndani huku nje likionekana zima. Chuma kikiota kutu huvimba, na kikivimba hupasua jiwe lililokishika. Nguzo ya mbao huoza vile vile penye shina. Rangi mpya hufunika haya yote. Kwa hivyo twasema kwa herufi kubwa: RANGI SI UKAGUZI.

Tena ukingo haukuwekwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeegemea. Umewekwa kwa siku ya umati, siku ya mvua au ya fujo, watu wanaposukumana. Katika vipimo vya Uingereza, ukingo mahali penye umati hutakiwa uhimili msukumo wa kama kilo 300 kwa kila mita moja, na kimo chake kisipungue milimita 1,100. Ukingo wa zamani mara nyingi ni mfupi kuliko hapo, na hauwezi kujulikana unahimili kiasi gani mpaka usukumwe kwa kipimo. Macho peke yake hayatoshi.

Wenye mamlaka wana neno la mwisho wanalolipenda: "Hii ni kazi ya kale, ni urithi, haiguswi." Nasi twaupenda urithi, maana ulijengwa kwa mikono ya wafanya kazi. Lakini uzee wa kitu ni sababu ya kukitazama mara nyingi zaidi. Waweza kuweka ukingo wa pili nyuma ya ule wa kale bila kuutoboa. Waweza kuhesabu watu langoni. Waweza kufunga upande mmoja mpaka fundi amalize. Hakuna jiwe la kale litakalolia kwa sababu hiyo.

Watasema pia hakuna pesa. Pesa za rangi zilitoka wapi? Pesa za utepe wa kufungulia zilitoka wapi?

Katika Kenya sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi apafanyie ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12. Pahali penye wafanya kazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Hiyo ni silaha yetu, na wengi wetu tumeiacha ikiota kutu kama nguzo zile. Kila ngazi, kila ujia wa juu na kila daraja lililo ndani ya mahali pa kazi ni shauri la kamati hiyo. Nje ya lango, kwenye njia ya umma, kila ofisi humsukumia mwenziwe. Huko nako twataka utaratibu ulio wazi.

Twadai haya:

1. Kila njia ya juu iwe na mwenyewe anayejulikana, na jina la ofisi yake libandikwe hapo hapo.
2. Ukingo upimwe kwa msukumo na nguzo zichunguzwe penye shina, angalau kila mwaka, na kabla ya kufunguliwa baada ya matengenezo yoyote.
3. Tarehe ya ukaguzi na idadi ya watu wanaoruhusiwa ziandikwe langoni, kwa Kiswahili.
4. Mkaguzi asiwe mtu wa kontrakta aliyetengeneza, na awe na amri ya kufunga njia bila kungoja kibali cha mkubwa.
5. Karani, askari au fundi akisema njia ni mbovu, asifukuzwe.

Na kwenu, ndugu mafundi, tuna neno. Ukiambiwa kupaka rangi juu ya kutu, usinyamaze. Mwambie msimamizi mbele ya mwenzako, kisha uandike tarehe, mahali na ulichokiona, na umpe mjumbe wa Chama nakala. Karatasi hiyo ndogo yaweza kumzuia mtu asife. Na kama haikusikilizwa, basi siku korti itakapouliza nani alijua, jibu litakuwako, wala hatafungwa askari wa lango kwa kosa la bwana wake.

Ajali ina kinga. Wanaoinyima watu kinga hiyo wana majina, na sisi tutayauliza.

UMOJA NI NGUVU.