Ukimpa Mtu Ufunguo, Umempa na Shamba Lako

Mkulima wa Kimulot hahitaji kufundishwa kwamba majani mabichi ya chai hayangoji. Yakiisha kuchumwa ni lazima yafike kwenye kituo cha kununulia kabla lori la kiwanda halijaondoka, maana majani yaliyolala ni hasara. Zamani yalibebwa mgongoni au juu ya punda. Siku hizi wengi wana pikipiki, wengine wana pikapu, na wachache wana trekta. Mara nyingi vyombo hivyo vimenunuliwa kwa fedha za bonasi, nasi twafurahi kuona jasho la mkulima likimletea nafuu.

Lakini pamoja na vyombo hivyo imeingia desturi mbaya. Baba amechoka, au amekwenda mkutanoni, au yuko sokoni Koiwa. Mvua inakuja na magunia yamejaa. Basi anamwita kijana wake, au mfanyakazi wake, na kumwambia, "Shika ufunguo, peleka majani upesi." Hamwulizi kama ana leseni, wala hatazami kama bima imekwisha mwezi uliopita.

Ukimwonya mtu huyo, atakujibu kwamba njia ni fupi na askari wa trafiki hawafiki huko. Yeye anadhani kwamba hatari ni askari. Maoni yetu ni kwamba askari ndiye hatari ndogo kuliko zote. Hatari kubwa ni deni, na deni hilo laweza kulifikia shamba.

Tuitazame sheria kwanza. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza mtu kuendesha motokaa au pikipiki barabarani bila leseni ya aina ya chombo kile anachokiendesha. Leseni ya pikipiki haimruhusu mtu kuendesha lori. Kanuni za 2016 ziliweka faini ya papo hapo ya shilingi 7,000 kwa mtu anayeendesha bila leseni ya aina inayotakiwa, na shilingi 1,000 kwa mtu aliyesahau kuitengeneza upya leseni yake. Lakini wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo inamshika na mwenye chombo. Ukimruhusu asiye na leseni aendeshe, wewe nawe umevunja sheria, hata kama ulikuwa umekaa nyumbani ukinywa chai.

Sheria ya bima ni kali zaidi. Iko tangu miaka ya 1940, nayo inaitwa Sura ya 405. Inataka kila chombo cha moto kinachotumiwa barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye chombo. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule mtu wa njiani ambaye chombo chako chaweza kumwumiza au kumwua. Anayetumia chombo bila bima hiyo, au anayemruhusu mwingine kukitumia, aweza kutozwa faini mpaka shilingi 10,000, au kufungwa mpaka miaka 2, au yote mawili. Tena, korti isipoona sababu ya pekee, hunyimwa haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12.

Mtu mwenye uwezo aweza kusema, "Shilingi elfu kumi nitazilipa." Vema, na azilipe. Lakini faini huenda serikalini. Haimlipi aliyeumia, wala haiwazuii watu wake kuja kudai haki yao.

Tutoe mfano. Kijana asiye na leseni anateremka na pikapu ya baba yake, ina magunia ya majani, bima imekwisha. Barabara ina utelezi. Kwenye kona anamgonga mama anayerudi kutoka sokoni, na mama yule anavunjika nyonga na mguu. Anakaa hospitali miezi miwili, na akitoka hawezi tena kuchuma chai. Sheria inampa miaka 3 ya kufungua kesi. Korti itahesabu gharama ya hospitali, maumivu, na mapato aliyoyapoteza na atakayoyapoteza. Kama angekufa, watoto wake wangedai kwa ajili ya riziki waliyonyang'anywa. Nani atakayelipa? Kijana hana kitu. Lakini alikuwa katika kazi ya baba yake, akipeleka majani ya baba yake kwa gari la baba yake. Kwa hiyo korti yaweza kumtwika baba deni lote.

Hukumu ikitoka na fedha hazipo, mshindi aweza kuiomba korti ikamate mali. Sheria humwachia mkulima sehemu kidogo ya mifugo na vyombo vyake vya kazi. Lakini ardhi yenye hati kwa jina lako ni mali, na mali hukamatwa ikauzwa kwa mnada. Hapo ndipo wakulima wa skimu wanapotakiwa kufikiri sana. Wazee walioingia katika mashamba ya mpango wa eka milioni moja, ulioanza 1962, walilipa deni la ardhi kwa miaka mingi sana kabla ya kuishika hati mkononi. Je, ardhi ya jasho la namna hiyo ipotee kwa safari moja ya kituo cha chai?

Watu husema ajali haina kinga. Ni kweli kwamba hakuna ajuaye siku wala saa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani katika Kaunti ya Kericho, lori liliacha njia likawavamia watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya barabara, na wengine waliokuwa wakingoja magari. Watu 52 walikufa. Wengi wao hawakuwa safarini hata kidogo. Walikuwa wakitafuta chakula cha watoto wao. Hao ndio watu wa tatu wanaotajwa na sheria. Ajali yaweza kukosa kinga, lakini hasara yake ina kinga, na kinga hiyo ni bima.

Bima ikiwa hai, na mwendeshaji akiwa na leseni, kampuni ndiyo inayomlipa aliyeumia. Sheria inataka bima hiyo imlinde mtu mmoja mpaka shilingi milioni 3. Hukumu ikizidi hapo, kinachozidi chaweza kurudi kwa mwenye chombo. Lakini ni heri kudaiwa kinachozidi kuliko kudaiwa chote.

Hapa tuseme wazi jambo linalowadanganya wengi. Kuwa na karatasi ya bima si kuwa na bima kwa kila safari. Hati nyingi za bima zinasema mwendeshaji lazima awe mtu mwenye leseni au aliyewahi kuwa nayo. Ukimpa ufunguo kijana ambaye hajapata leseni maishani mwake, kampuni yaweza kukataa kulipa, na fedha zako za bima zimekwenda bure. Vilevile, kama bima yako ni ya gari la nyumbani, kisha unabeba abiria au magunia ya jirani kwa malipo, umeitoka hati yako. Tena bima ya mtu wa tatu hailazimishwi kumlipa mfanyakazi wako aliyeumia akiwa kazini. Huyo yamhusu Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya 2007. Wala haikujengei gari lako likivunjika.

Wako wanaosema bima ni fedha za kutupa, kwa kuwa mwaka umepita na hawakuona faida. Mtu huyo na ajiulize kama anauchukia ukuta wa zizi lake kwa sababu chui hakuja mwaka huu. Wako pia wanaosema, "Kwa nini ninunue bima, na shilingi mia mbili zamtosha askari?" Kwanza, tangu Sheria ya Hongo ya 2016 mtoaji ana kosa sawa na mpokeaji. Pili, askari yule uliyempa mia mbili hatakuja kortini kukulipia mguu wa mtu.

Hatukatai kwamba mapato ya chai hupanda na kushuka, na kwamba kuna miezi ambayo karo ya shule humaliza kila kitu. Lakini mwezi ule ambao huna fedha za bima, chombo na kilale nyumbani. Kubeba majani kwa punda si aibu.

Basi twashauri hivi. Kwanza, andika ukutani siku ambayo bima inakwisha na siku ambayo leseni inakwisha, na utengeneze upya kabla ya siku hizo. Fedha ya bonasi ikija, toa ya bima kabla hujatoa ya jambo lingine. Pili, kijana akitaka kuendesha, mpeleke shule ya udereva apate leseni ya chombo kile kile. Tatu, nunua bima kwa wakala au kampuni iliyoandikishwa na Mamlaka ya Bima, nawe umweleze kweli kazi ya chombo chako. Nne, ukiuza pikipiki, usimwachie mnunuzi aondoke nayo ikiwa bado kwa jina lako. Sheria humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine, na kosa la mtu usiyemjua laweza kubisha mlangoni kwako. Tano, ajali ikitokea, simama, msaidie aliyeumia, toa habari polisi kabla ya saa 24 kwisha, na uiarifu kampuni yako mara moja. Kukimbia hakufuti deni, bali huongeza kosa.

Mkulima hodari humtazama fundi kabla ya kumpa kisu cha kupogolea chai, asije akaiharibu michai. Ufunguo wa gari ni kisu kikali kuliko hicho. Kabla hujautoa mfukoni, uliza maswali mawili tu: Leseni iko wapi? Bima inakwisha lini? Jibu la lolote likikosekana, ufunguo na urudi mfukoni, na majani yatafutiwe njia nyingine.