Msahihishaji na Jina la Kale

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba niwapeleke mahali ambapo washairi hatuzuru mara kwa mara: ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, pale majina ya mafaili yanapotafutiwa wenyewe. Najua wapo watakaouliza mwalimu mstaafu wa Kiswahili anatafuta nini huko. Natafuta somo kuhusu usahihishaji, na somo hilo latuhusu sisi sawa na linavyowahusu mafundi.

Kwanza tuelewane jinsi kazi inavyokwenda. Aghalabu hudhani kwamba jina ndilo faili. Sivyo. Katika Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, faili hutambulikana kwa nambari. Jina huandikwa katika saraka, kama jina la mwanafunzi katika daftari la mahudhurio. Kati ya programu na diski kuna tabaka liitwalo mfumo pepe wa mafaili. Kazi yake ni ya karani wa mapokezi: hupokea jina, huuliza kwa mtunzaji wa diski inayohusika, kisha hurudi na faili au na jibu kwamba halipo. Saraka ikiwa na maelfu ya majina, kuyapitia moja moja kungechukua muda. Kwa hiyo jina hupigiwa hesabu, na hesabu hiyo huonyesha limewekwa rafu gani.

Tangu mwaka 2019, mfumo wa mafaili wa ext4 unaweza kuwa na saraka zisizobagua herufi kubwa na ndogo, hata “Barua” na “barua” zikawa jina moja. Katika saraka hizo jina hunyooshwa kwanza kwa kanuni za Unicode, ndipo lipigiwe hesabu.

Mwaka 2024 ilionekana kasoro. Kanuni ya kunyoosha ilikuwa ikizipuuza alama fulani zisizoonekana kwa macho, hivyo majina mawili yaliyotofautiana kwa alama hizo yakahesabiwa kuwa moja. Kasoro ikarekebishwa, na marekebisho yalikuwa ya haki. Lakini ile picha ya moyo mwekundu ambayo vijana huipachika kila mahali huandikwa kwa alama mbili: moyo wenyewe, na alama isiyoonekana inayoagiza utiwe rangi. Faili lililokwisha kupewa jina lenye moyo huo lilikuwa limewekwa kwa hesabu ya zamani. Kanuni mpya ikatoa hesabu mpya. Karani akaiendea rafu nyingine, akakuta patupu, akarudi na jibu: halipo.

Tazameni jinsi hitilafu ya namna hii inavyopelelezwa. Ukiomba orodha ya majina, jina limo. Ukiliita jina hilohilo, waambiwa halimo. Mpelelezi mwema hakimbilii kusema diski imeharibika. Hujiuliza: kilichopotea ni kitu, au ni njia ya kukifikia? Hurejea toleo la awali la kiini. Faili likifunguka, kosa limeingia kati ya matoleo hayo mawili. Kisha huyagawa mabadiliko nusu kwa nusu, akijaribu kila mara, hata akabaki na badiliko moja. Mabadiliko elfu moja humtaka majaribio kumi hivi.

Desemba ya mwaka huohuo Torvalds aliyafuta marekebisho. Alikiri kwamba tabia ya zamani ilikuwa kosa, ila diski za watu zilikwisha kuandikwa kwa kosa hilo. Alitambua pia kuwa kufuta nako huenda kukawaumiza waliokwisha kuunda mafaili chini ya kanuni mpya. Baadaye ikatungwa njia ya akiba: hesabu isipofikisha, saraka ipitiwe jina kwa jina.

Sasa nije kwetu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kazi hiyo ilituzalia vitabu vya shule, nami nimefundisha kwavyo. Lakini tenzi zilikwisha kuandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa Kiamu na Kimvita. Utendi ukawa utenzi. Nti ikawa nchi. Mwana Kupona huandikwa huku kwa maneno mawili, kule kwa neno moja. Al-Inkishafi hupangwa penye A, Inkishafi penye I. Katika maktaba moja niliyoitumia, mtu mwenye nia njema alisanifisha majina katika kadi zote. Vitabu havikuondoka rafuni. Hata hivyo, wanafunzi waliovitafuta kwa majina waliyoyasikia kwa wazee wao walirudi mikono mitupu, wakaamini havipo.

Leo tunayatia mashairi yetu katika kompyuta, na hatari imezidi, kwa kuwa karani wa mashine hakisii kama alivyokisia mkutubi. Hoja yangu ni hii: anayesahihisha jina anawajibika kwa kila aliyelitumia lile la kale. Asahihishe, ila la kale libaki kando ya jipya, na kila mmoja afike kwa njia aliyoizoea.

Wapo watakaosema huku ni kulea makosa, na kwamba lugha yahitaji tahajia moja. Sikatai. Tahajia moja na iwe ya kufundishia. Zote ziwe za kutafutia. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata yenye daftari hupotea, daftari likinakiliwa upya na asiyejali nani aliandika humo kabla yake.

Basi ninyi wenye diwani na miswada ya wazee, mnapoyahifadhi, andikeni jina kama mtunzi alivyoliandika, kisha la sanifu, kisha mengine yote mnayoyajua. Mjukuu atakayelitafuta shairi la bibi yake asijibiwe kwamba halipo, ilhali limo.