Tuanze na Waya

Yapo mazoea mabaya ambayo hatuna budi kuyapiga vita. Mtandao ukizorota nyumbani, mfanyakazi hukimbilia kununua ruta mpya, na mshahara alioutolea jasho hupotea bure. Kumbe mgonjwa ni waya.

Ndani ya waya huo mna nyuzi 8 za shaba, zimesokotwa jozi 4. Kasi ya megabiti 1000 kwa sekunde hudai nyuzi zote 8. Kasi ya 100 hutosheka na 4. Basi vyombo vyenye uwezo wa 1000 vikikomea 100, twashuku kwamba uzi mmoja umekatika, au kichwa cha plastiki hakishiki vyema.

Dawa yake ni rahisi. Chomeka waya mwingine uliokwisha kujaribiwa, katika matundu yale yale. Mambo yakitengemaa, ule wa kwanza ndio mbovu. Yasipotengemaa, jaribu tundu jingine. Hapo tena ndipo aitwe fundi. Wala waya usipitishwe chini ya mlango ukapondwa, wala usizidi mita 100.

Ndugu zetu, twasema: ajuaye kilichoharibika hauziwi kisichoharibika.