Ng'ombe Mmoja na Masomo ya Kemia



Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini kuulizia mbegu za mahindi. Alipokwisha kujibiwa hakuondoka. "Mwalimu," akaniambia, maana wengi hapa bado waniita hivyo kwa kazi niliyosomea, "binti yangu amepata nafasi ya chuo kikuu, naye ataka kusoma kemia ya viumbe. Uuguzi hataki, ualimu hataki. Je, niuze ng'ombe kwa jambo nisilolijua hata jina?"

Swali hilo si lake peke yake, basi nalijibu hapa ili wote msikie.

Chukueni habari za mama mmoja wa kazi hiyo, Frances Arnold, aliyezaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1956. Msidhani alifuata njia moja iliyonyoka. Katika ujana wake aliondoka kwao, akajitafutia riziki kwa kuhudumu mezani na kuendesha teksi. Huko Princeton alisomea uhandisi wa mitambo na ndege, akamaliza mwaka 1979, kisha akafanya kazi ya nguvu za jua. Uhandisi wa kemia aliugeukia baadaye, akapata udaktari Berkeley mwaka 1985, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha Caltech.

Kazi yake ni ya vimeng'enya. Neno hilo lisiwatishe. Tumboni mwa ndama anyonyaye mna kitu kigandishacho maziwa. Hicho ni kimeng'enya, na kila kiumbe kina vingi, kila kimoja na kazi yake. Wataalamu walijaribu kuviunda upya kwa kufikiri na kukisia, wakashindwa mara nyingi. Mama huyu akafuata njia ya mfugaji. Wewe huweki ndama wa kila ng'ombe. Waweka wa yule mwenye maziwa mengi, wampandisha kwa fahali bora, na baada ya miaka kundi lako si lile la kwanza. Arnold aliibadili jeni ya kimeng'enya ovyo ovyo, akaitia ndani ya bakteria, akapima kila kilichotokea, akabakiza kilicho bora, akaanza tena. Mwaka 1993 alitangaza kimeng'enya kilichofanya kazi mara 256 kuliko cha kwanza, tena ndani ya kiyeyusho kikali ambacho kwa kawaida hukidhoofisha. Mwaka 2018 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia, akiwa mwanamke wa tano kuipata.

Shamba lahusikaje? Mwaka 2013 alishiriki kuanzisha kampuni ya Provivi, itengenezayo harufu ambayo nondo jike humwitia dume. Harufu hiyo ikienea shambani, madume hupotea njia, na mayai ya viwavi hupungua. Ujuzi wa harufu ni wa siku nyingi. Shida ilikuwa bei, na hapo ndipo kemia iliposaidia. Sisi tuliovamiwa na viwavijeshi vamizi tangu mwaka 2017 twajua dawa ya kunyunyiza yagharimu nini.

Wala si lazima kwenda Marekani. Pale Kasarani, Nairobi, iko icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya mwenzetu, Thomas Odhiambo. Wale wanaopanda desmodiamu kati ya mahindi na nyasi ya napia pembeni ili kumfukuza funza wa mabua, wanatumia kazi ya icipe na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Wanakemia ndio waliozitambua harufu zinazomfukuza na zinazomvuta.

Jambo moja zaidi la mama Arnold. Mwezi wa Januari 2020, akiwa na Nobel yake mkononi, aliwatangazia watu kwamba makala aliyoitoa na wenzake mwaka 2019 inaondolewa, kwa kuwa kazi ile haikuweza kurudiwa na daftari la majaribio lilikuwa na mapengo. Akaomba radhi. Wenye vitabu vya maziwa vilivyo vitupu tafadhali wasome hapo mara mbili.

Sitamdanganya mzee. Njia ni ndefu: miaka 4 ya shahada ya kwanza, kama 2 ya pili, na 3 au zaidi ya udaktari, na nafasi za utafiti ni chache kuliko wanaozitaka. Lakini mwenye shahada ya kwanza aweza kupima maziwa kiwandani, au dawa, au mbegu. Na zile ekari walizogawiwa baba zetu hazizai. Ukizikata kwa watoto watano, kila mmoja apata mahali pa nyumba na kuku. Kwa hiyo shauri langu ni hili: ng'ombe auzwe, shamba lisiuzwe. Binti aombe mkopo wa serikali, na shahada za mbele azitafutie ufadhili mwenyewe.

Nilipomwambia hayo, mzee alisema ng'ombe ana mimba. Angengoja azae, pengine apate mtamba, ndipo amuuze mama yake. Nikamjibu kwamba chuo hufunguliwa Septemba. Akaondoka akihesabu miezi kwa vidole.