Ukuta Haulei Mtoto

Wazazi wa Goma wakipata nafasi kidogo katika biashara au katika kazi, husema neno moja: "Tunataka kuhamia Himbi, au kando ya ziwa, kwa ajili ya watoto." Asiyepata kiwanja huko huinua ukuta pale pale alipo, akaufunga kwa lango la chuma. Ukiwauliza sababu, hakuna asemaye kwamba ni fahari. Wote hujibu: ni usalama. Neno hilo ni jema, wala hakuna mzazi wa kulicheka. Lakini leo twataka kuuliza bila kificho: je, ni usalama kweli tunaowanunulia watoto wetu, ama ni kitu kingine tulichokivika nguo ya usalama?

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, twakiri ya kwamba sisi tunaoandika maneno haya twakaa pia nyuma ya ukuta. Mawe yake ni yale yale meusi ya volkano ambayo kila mtu hujengea hapa. Basi, atakayekasirika na ajue kwamba fimbo hii imeanza mgongoni mwetu.

Tukumbuke kwanza habari ya mji huu. Katika Kongo ya Wabelgiji miji iligawanywa mara mbili. Wazungu walikuwa na mtaa wao wenye bustani na hewa nzuri, Waafrika walikuwa na mtaa wao, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Wabelgiji nao walisema ni kwa ajili ya utaratibu na afya. Wazee wetu waliona uchungu, na haki walikuwa nayo. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, wengi walidhani mpaka ule umekufa.

Haukufa, ulibadili wenye nyumba tu. Mwaka 1994 wakimbizi walivuka kwa malaki kutoka Rwanda, na nyuma yao yakaja mashirika ya msaada yenye magari na dola. Baadaye wakaja watu wa Umoja wa Mataifa, wakatafuta nyumba za kupanga. Mnamo mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, na fedha ikaingia mikononi mwa wafanya biashara. Kodi za nyumba zikahesabiwa kwa dola, na majumba ya ghorofa yakaota ufukoni. Leo hakuna Mbelgiji anayetuzuia kupita usiku. Tumejifungia wenyewe, na ufunguo uko mfukoni mwetu.

Wala jambo hili si la Goma peke yake. Huko Marekani, baada ya vita vya 1939 hadi 1945, jamaa nyingi ziliacha miji zikaenda kukaa katika vitongoji vipya vyenye nyumba safi na majani mbele ya mlango. Kimoja chenye sifa kubwa, Levittown karibu na New York, kilianza kujengwa mwaka 1947. Watu walisema: hapa ndipo pa kulelea watoto. Lakini mikataba ya kwanza ya nyumba zile ilikataza mtu mweusi kukaa humo. Tazameni jinsi neno zuri, "kwa ajili ya watoto," linavyoweza kuficha neno baya, "tusionane na wale."

Sasa tuingie ndani ya ukuta wetu, tuone mtoto anajifunza nini. Asubuhi gari humpeleka shule, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Njiani huwaona watoto wa rika lake wakipanda kutoka ziwani na bidoni za njano mgongoni, na vijana wakisukuma chukudu zenye mizigo mizito. Huwaona kama mtu anavyotazama picha. Jioni gari humrudisha, lango hufungwa, naye hukaa mbele ya televisheni au simu. Katika watu wa nje anaowajua ni mlinzi, mfuaji wa nguo na mwuza sambaza anayeita langoni. Hivyo hujifunza, bila mtu kumfundisha, kwamba ulimwengu una watu wa namna tatu: sisi, watumishi wetu, na wezi.

Hilo ndilo somo la kwanza. La pili ni hili: thamani ya mtu ni vitu vyake. Maana watoto waliofungiwa huulizana nini wanapokutana? Huulizana juu ya gari la baba, juu ya simu mpya, juu ya viatu na keki ya siku ya kuzaliwa. Na sisi wazazi tunawafuata. Jirani akipandisha ukuta, na sisi twapandisha. Akitia vigae vya kung'aa langoni, na sisi twakopa ili tutie. Tulianza kwa kutafuta usalama, na sasa twashindana kwa malango. Mlinzi aliyekaa nje ya lango hilo usiku kucha hupokea mshahara usiotosha kuwalipia watoto wake shule. Je, mtu huyu ndiye tuliyemkabidhi roho za watoto wetu?

Lakini tuseme yote hayo ni hasara ndogo. Tuseme mtoto na awe na majivuno kidogo, mradi awe salama. Haya, tuupime usalama wenyewe. Mji wa Goma umekwisha kuupima mara nyingi, nasi hatuna haja ya kubahatisha.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na moto wake ukashuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulifunika maduka, ulichoma kanisa kuu, ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege. Watu zaidi ya laki moja waliachwa bila makao. Moto ule haukuuliza ukuta huu ni wa nani. Wengi wa watu wa mji walikimbilia Gisenyi kwa miguu, na aliyekuwa na mtu wa kumbebea mtoto alishukuru.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena usiku. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka na nyumba kupasuka. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa kuwa moto ulikuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Katika orodha ile ilikuwamo Majengo, Murara na Mapendo, mitaa ya watu wa hali ya chini. Na ulikuwamo pia mtaa wa Volkano, wenye majumba na maofisi. Wote walikwenda njia moja, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi. Na baada ya usiku ule wa kwanza UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wamepoteana na jamaa zao. Wazazi wenzetu, tulifikiri neno hilo. Mtoto aliyepotea njiani katikati ya watu maelfu huokolewa na nini? Haokolewi na waya wa miiba ulioachwa nyumbani. Huokolewa na mtu anayeujua uso wake na kusema: "Huyu ni mtoto wa fulani, wa avenyu yetu." Lakini mtoto ambaye hakutoka langoni kwa miguu, ni nani amjuaye?

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mjini. Risasi na mabomu viliangukia nyumba, vikapenya mabati ya maskini na dari za matajiri. Umeme ulikatika, maji yakakatika katika sehemu kubwa ya mji, na mabenki yakafunga milango. Mwenye hesabu nono benki na asiye na kitu walikuwa sawa siku zile: hakuna aliyeweza kutoa hata franka moja. Maji yalichotwa ziwani. Aliyekula ni yule aliyekuwa na jirani wa kumkopesha kikombe cha unga, au wenzake wa likelemba waliokuwa na akiba kidogo nyumbani. Sisi wenyewe tulisaidiwa na nyumba ya pili yetu, ambayo kwa miaka mingi hatukuwa tumebisha hodi. Twalisema hili kwa haya.

Liko na jambo la nne, nalo ni la kila siku. Kando ya ziwa, kutoka Goma mpaka Sake, mna mashimo na mabonde yanayotoa mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana, ambayo hulala chini hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mbuzi akishuka humo hufa, na mtoto vilevile. Hewa hiyo haizuiwi na lango. Kinachomwokoa mtoto ni kujua mahali penyewe. Na ujuzi huo hupatikana kwa wenzake wanaocheza nje, na kwa bibi mwenye shamba aliyeona mbuzi wake wakifa. Mtoto wa maskini huambiwa mapema: "Usishuke pale asubuhi." Mtoto wetu anajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, wala hajui shimo lililo nyuma ya ukuta wa baba yake.

Twajua mtakavyotujibu. Mtasema: "Ninyi mnaota. Wezi wenye silaha wapo Goma, watu huuawa usiku, watoto huibwa ili wazazi walipe fedha." Ni kweli. Hatuwaambii mvunje kuta wala mlale milango wazi. Mzazi asiyefunga mlango katika mji huu ni mjinga. Lakini tazameni jinsi mitaa isiyo na kuta inavyojilinda. Mwizi akiingia, mtu mmoja hupiga sufuria, wa pili hupuliza filimbi, na punde avenyu nzima imeamka. Hatusifu wale wanaomshika mtu wakamchoma bila hukumu. Hilo ni uuaji, nalo pia linawaharibu watoto wanaotazama. Twasifu jambo moja tu: kwamba pale mtu akilia, kuna anayesikia. Je, sisi tukilia nyuma ya ukuta wa mita tatu, nani atasikia? Na akisikia, kwa nini aje? Tulimwitikia lini yeye alipolia? Ukuta usio na jirani humficha mwizi vizuri zaidi kuliko unavyomlinda mwenye nyumba.

Wengine watasema: "Tumetoka katika umaskini, tuna haki ya kustarehe." Haki hiyo hatuikatai. Nyumba nzuri si dhambi, na jasho la mtu lina heshima yake. Tunachokataa ni kuita starehe ulinzi, kisha kuwalea watoto katika uongo huo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea kuwaogopa watu, atawatawala siku moja kwa hofu. Tukimlea kuhesabu vitu, atakuja kutuhesabu na sisi katika uzee wetu, aone kama tuna faida.

Basi, tufanye nini? Mambo ni machache, wala hayahitaji dola nyingi.

Siku ya salongo, tusimtume mfanya kazi kwa niaba yetu. Tutoke wenyewe na watoto wetu, na jembe mkononi, tuzibue mfereji pamoja na wengine. Kukiwa na matanga katika avenyu, tuende tukakae, na mtoto aende nasi aone jinsi watu wanavyobeba msiba pamoja. Tumjue mkubwa wa nyumba kumi kwa jina, na yeye awajue watoto wetu kwa sura. Mama wa nyumba aingie likelemba ya majirani, hata kama hana shida ya fedha. Atapata humo kitu ambacho benki haikopeshi.

Mwenye kisima au tangi la maji ndani ya ukuta, na atoboe ukuta huo atie bomba upande wa barabara, ili watoto wa jirani wasishuke ziwani kila alfajiri. Hilo litamlinda kuliko vipande vya chupa alivyopanda juu ya ukuta, maana hakuna mtu anayependa kuona bomba lake la maji likivamiwa na wezi. Mlinzi naye alipwe vema, aulizwe habari za watoto wake, na watoto wetu wamwamkie asubuhi kama wanavyomwamkia baba yao mdogo. Na jioni, jua likiwa bado juu, lango lifunguliwe watoto wacheze na wenzao, mtu mzima akiwaangalia.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyumba moja haijilindi. Mlima ungali unawaka juu ya mji, na usiku twauona wingu lake likiwa jekundu. Siku utakapotoka tena, watoto wetu watakimbia pamoja na watoto wa watu wengine, katika njia ile ile. Yafaa wawe wamekwisha kujuana.